Juzuu ya Kitu: Kijana wa Baghdad na Vipeo Hasi



Ndugu msomaji, ukifika hesabu za sekondari lazima ukutane na herufi x iliyobandikwa juu yake nambari ndogo yenye alama ya kutoa. Mwalimu husema tu, "Ipeleke chini ya moja." Unaipeleka, unapata maki zako, basi. Lakini jambo hili lilikuwa na maneno yake ya Kiarabu kabla ya alama hizo kuwapo, na sisi tuliopitia madrasa maneno hayo tunayajua.

Al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha al-jabr mjini Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun (813 hadi 833). Nambari isiyojulikana iliitwa shay', yaani kitu. Kitu mara kitu ni mal, ndiyo mali yetu hii hii. Mara tatu ni ka'b. Na moja ikigawanywa kwa kitu? Hiyo ni juz' ash-shay', sehemu ya kitu. Naam, ni juz' ile ile tunayohesabia juzuu za Qur'ani! Al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad mwanzoni mwa karne ya 11, alizipanga daraja hizi za juu na sehemu zake.

Kisha akaja as-Samaw'al bin Yahya al-Maghribi, aliyezaliwa Baghdad karibu mwaka 1130. Hakupata mwalimu wa kumfikisha alikotaka, akajisomea mwenyewe vitabu vya Abu Kamil na al-Karaji. Akiwa na umri wa miaka 19 aliandika al-Bahir. Miaka 19, wallahi, umri wa mtu anayengojea kuingia chuo!

Humo alichora jedwali. Katikati ni moja, na daraja yake ni sifuri. Upande mmja kuna kitu, mal, ka'b na kuendelea. Upande wa pili sehemu ya kitu, sehemu ya mal, sehemu ya ka'b. Hakuwa na alama ya kutoa juu ya herufi. Pande mbili zilimtosha. Ukizidisha daraja za upande mmoja, unahesabu hatua ukiikimbia moja. Zikiwa za pande tofauti, unahesabu ukiielekea moja, na ukibidi unaivuka.

Hebu tujaribu. Ka'b mara sehemu ya daraja ya tano: simama kwenye tatu, piga hatua tano kuelekea ng'ambo. Tatu zinakufikisha kwenye moja, mbili zilizobaki zinakutua kwenye sehemu ya mal. Weka 2 mahali pa kitu uone: 8 mara 1/32 ni 1/4. Kugawanya ni kutembea kinyume: mal kwa sehemu ya ka'b ni daraja ya tano, kwani 4 kugawanya kwa 1/8 ni 32. Kanuni yote ya kurahisisha ni hiyo. Kuikariri bila kuuona mstari ndiko kunakotuchanganya.

Ulaya, Mfaransa Nicolas Chuquet alitumia vipeo hasi mwaka 1484, na Newton akaviandika katika barua za 1676 karibu kama tunavyoviandika sisi.

Sasa kuna jambo ambalo makala zetu nyingi hulirukia. Tunapenda kusema "Waislamu walivumbua", tukapita. As-Samaw'al alipoandika al-Bahir alikuwa Myahudi, mtoto wa mwanachuoni wa Kiyahudi mwenye asili ya Fez. Alisilimu mwaka 1163 (558 Hijria) huko Maragha, na mwenyewe alieleza kuwa alichelewa kwa kuchelea kumuumiza baba yake. Kwa hiyo kitabu kilitangulia shahada kwa miaka kama kumi na minne. Sioni kama hilo linatupunguzia kitu. Mji uliompa kijana wa Kiyahudi vitabu vya al-Karaji, akavisoma na kuwazidi waliomtangulia, una sifa kubwa kuliko orodha ya majina tunayojigambia.

Alifariki Maragha karibu mwaka 1180. Al-Bahir ilichapishwa Damascus mwaka 1972, na jedwali lake bado lasomeka.