Mlango wa Benki Katika Kenya na Tanzania
Februari 1967 Serikali ya Tanzania iliyataifisha mabenki ya kigeni, ikaunda Benki ya Taifa ya Biashara. Kenya iliyaacha ya kwake yaendelee. Hadi leo twasikia watu wakibishana ni nchi ipi iliyochagua vema. Sisi twaona ubishi huo wamsahau mkulima, aliyebaki nje ya mlango huku na huko: waliotumia huduma rasmi za fedha Kenya mwaka 2006 walikuwa 27 tu katika kila watu wazima 100, Tanzania mwaka 2009, 16. Kilichoufungua mlango ni simu. M-Pesa, iliyobeba neno letu lenye asili ya Bara Hindi, ilianza Kenya 2007, Tanzania 2008. Kufikia 2021 Wakenya walikuwa 84. Watanzania, mwaka 2023, 76. Mkopo mkubwa, hata hivyo, bado huombwa benki, na mwombaji huulizwa hati ya shamba.