Dirii ya Pete na Dirii ya Mabamba



Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya Waraka kwa Waefeso, anaifananisha haki na dirii ya kifuani. Kwetu sisi wa Kizimbani, watu wa mikarafuu, dirii ni kitu kigeni. Hata hivyo dunia ya Warumi haikuwa mbali na pwani yetu. Katika karne ya 1 baharia mmoja wa Misri, nchi iliyotawaliwa na Roma, aliandika juu ya biashara ya pwani hii, akataja mikuki, mashoka na visu vilivyoletwa kuuzwa. Dirii hakuitaja. Basi tuitazame.

Askari wa Kirumi walikuwa na dirii za namna tatu. Ya kwanza ni ya pete: maelfu ya pete ndogo za chuma, kila moja imeshikana na nyingine nne. Ilizuia makali ya upanga na kuufuata mwili ulivyojipinda. Lakini ililemea mabega, na pigo zito liliweza kuvunja mfupa pasipo pete kukatika. Ya pili ni ya magamba, yaliyopangwa kama ya samaki. Ilimeta sana, ila ncha iliyochomwa kutoka chini iliweza kupenya kati ya gamba na gamba. Ya tatu ni ya mabamba ya chuma yaliyoungwa kwa mikanda ya ngozi. Hiyo ilikinga mabega vizuri, na ndiyo inayoonekana katika Nguzo ya Trajan, iliyosimamishwa Roma mwaka 113.

Je, ipi ilidumu? Dirii ya mabamba ilijaa bawaba na vifungo vyepesi kuvunjika. Mwaka 1964, huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, lilifukuliwa sanduku lenye dirii za namna hiyo. Bawaba zilizovunjika zilikuwa zimekwisha kuzibwa kwa ribiti. Kufikia karne ya 4 dirii hiyo ilikuwa imeachwa. Ile ya pete iliendelea kuvaliwa karne nyingi, kwa kuwa pete ikikatika yatosha kuunga nyingine. Tena pete zikisuguana hupunguza kutu, adui tunayemjua sote tuishio kisiwani.

Ndugu wapendwa, haki nayo huungwa pete kwa pete. Aliyempunja mchumaji pishi moja ya karafuu amekata pete moja ya dirii yake mwenyewe. Na airudishe leo, kabla tundu halijawa kubwa.