Kijiti cha Kupimia: Historia Fupi ya Oili Nyekundu

Kwenye gereji za Kasese na Bwera kitu kimoja kina majina mawili. Fundi wa hapa atakwambia giaboksi. Ndugu yake aliyevuka Mpondwe akitoka Beni au Butembo atasema bwati. Wanaelewana vizuri tu, maana wote wanaogopa jambo moja: gari otomatiki iliyofunguliwa nyumbani, ikafungwa, halafu hakuna aliyepima oili. Mimi si fundi. Kazi yangu ni vijana, na vijana wetu kadhaa wanajifunza ufundi kwenye hizo gereji. Kwa kuwafuata huko nimejua kwamba hii oili nayo ina historia, na historia yenyewe inatuhusu.

Giaboksi otomatiki zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani, General Motors ilipoweka Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za mwaka 1940. Kwenye gari ya gia za mkono, oili ya giaboksi inalainisha meno tu. Kwenye otomatiki oili ndiyo mfanyakazi: inapokea nguvu ya injini na kuipeleka mbele, inakandamiza klachi za ndani, inabadilisha gia, halafu inabeba joto mpaka kwenye rejeta. Ndiyo maana ikipungua, injini italia na gari itabaki pale pale.

Mwaka 1949 General Motors ilitoa kanuni ya oili hiyo, ikaiita Type A. Kwa miaka mingi ilichanganywa na mafuta ya nyangumi ili klachi zishike vizuri bila kugonga. Miaka ya 1970 Marekani ikapiga marufuku bidhaa za nyangumi, na wakemia wakalazimika kutafuta kitu kingine. Wakati huo kila kampuni ilishaanza kwenda njia yake: General Motors na Dexron tangu 1967, Ford na ya kwake. Baadaye Toyota ikaja na T-IV, kisha WS. Nyingi zimetiwa rangi nyekundu ili ikivuja chini ya gari ujue si oili ya injini. Lakini wekundu ule ule hauna maana ni oili ile ile. Hapo ndipo watu wanapoumia dukani.

Kasese imezoea vyuma. Reli ilifika hapa 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Lakini malori ya enzi hizo yalikuwa ya gia za mkono, na wazee wetu wa gereji walijifunzia hayo. Otomatiki zilijaa baadaye, kuanzia miaka ya 1990, pale gari kuukuu za Japani zilipoanza kuingia Uganda kwa wingi.

Gari nyingi za mwanzo zilikuja na kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Mwenye gari yeyote aliweza kukichomoa, kukifuta na kusoma. Kuanzia miaka ya 2000 viwanda vingi vikakiondoa. Wenyewe walisema wateja wanaweka oili isiyofaa, na kwamba hii mpya ni ya maisha yote ya gari. Sasa mimi nauliza: maisha yapi? Sheria ya Uganda ya 2018 inakataza kuingiza gari iliyozidi miaka 15 tangu itengenezwe. Kwa hiyo zinazofika zina miaka kumi na kitu. Maisha aliyohesabu mtengenezaji yanakaribia kuisha siku gari inashuka Mombasa. Kwetu ndiyo kwanza yanaanza.

Jirani mmoja wa Bwera, mzee aliyekimbia vita upande wa Beni, alichanga na ndugu zake wawili wakanunua gari ya kubeba abiria kwenda Kasese. Rejeta ikatoboka. Wakabadilisha wenyewe nyumbani, wakajaza maji, wakawasha. Hakuna aliyewaambia kwamba mabomba mawili madogo waliyofungua chini ya rejeta yanabeba oili ya giaboksi, na kwamba iliyomwagika lazima irudishwe. Kabla ya Kikorongo gari ilianza kuteleza: unakanyaga, injini inapanda, mwendo haupandi. Dereva akalazimisha. Klachi zikaungua. Watoto wawili wakakaa nyumbani muhula mzima.

Kupima kwenyewe si kazi kubwa. Simamisha gari mahali tambarare baada ya kuendesha robo saa hivi, oili ipate joto. Injini ikiwa inanguruma, kanyaga breki, pitisha gia zote polepole kisha rudi P. Chomoa kijiti, futa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, rudisha, chomoa tena, soma alama ya moto. Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa muda huo huo, kwa hiyo soma kitabu cha gari kwanza. Ikipungua, ongeza kidogo kidogo kwa faneli, robo lita, kisha pima tena. Ukizidisha, oili inatoa povu na gari inateleza vile vile. Ukiwa umemwaga oili, pima iliyotoka: nyingine inabaki ndani, hivyo usijaze kana kwamba giaboksi ilikuwa tupu. Ikinuka kuungua, muite fundi. Ikiwa kama maziwa ya pinki, maji ya rejeta yameingia, usiwashe tena.

Kwa gari isiyo na kijiti, fundi anajaza kwa tundu la juu, kisha anafungua kizibo cha kupimia chini injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa kwenye joto alilopanga mtengenezaji. Kwa Toyota nyingi ni nyuzi 40 hivi. Ya ziada inatoka, na ikibaki matone tu anafunga. Na zile za CVT zina oili yake tofauti kabisa.

Wenzetu wa mashirika, Land Cruiser mnazopanda nyingi ni za gia za mkono, na kozi za ufundi nilizoziona kambini zinafundishia giaboksi za namna hiyo hiyo. Lakini gari inayolisha familia Bwera ni otomatiki. Mkileta vifaa vya mafunzo, ongezeni giaboksi moja otomatiki ya kufungulia, kipima joto, na vitabu vya gari vilivyotafsiriwa Kiswahili. Kijiti kiliondolewa kwenye gari kwa sababu walisema hatuwezi kupima. Vijana niliowaona Kasese wanapima kila siku.