Fahamu: Jinsi Bobby Fischer, akiwa na miaka 15, alivyolivunja 'Joka' la sataranji

Mwaka 1958, kijana wa Brooklyn, New York, alifika Portorož, Yugoslavia ya wakati huo (leo ni Slovenia). Alikuwa na miaka 15 na tayari ndiye bingwa wa Marekani. Jina lake: Bobby Fischer.

Yalikuwa mashindano ya Interzonal, wachezaji 21, na 6 tu ndio wangesonga mbele kuelekea taji la dunia. Miongoni mwa wapinzani alikuwepo Bent Larsen wa Denmark, mmoja wa washambuliaji hatari wa zama hizo.

Joka ni nini?

Larsen, akiwa na kete nyeusi, alichagua Ulinzi wa Sisilia, tena aina yake kali inayoitwa Joka. Mweusi humficha mfalme upande wa kulia wa ubao, huku askofu wake akichungulia kutoka kona.

Fischer yeye alimpeleka mfalme wake upande wa kushoto. Wafalme wakikaa pande tofauti hivi, mchezo unageuka mbio: kila mmoja anakimbiza askari wake kumvamia mwenzake. Ukipoteza hatua moja tu, umeumia.

Sare iliyokataliwa

Fischer hakucheza bila kosa. Hatua ya 15 alikula kete kwa askofu, ilhali askari angefaa zaidi. Baadaye alikiri hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1969.

Hapo Larsen angeweza kulazimisha sare. Lakini alitaka ushindi, akaiacha. Badala yake akasogeza ngome, na Fischer akamrudisha askofu wake nyuma, mahali salama.

Kuanzia hapo mbio zikawa za upande mmoja.

Kafara ya ngome

Hatua ya 17, askari wa pembeni wa Fischer alianza safari. Hatua ya 19 akafungua njia ya ngome moja kwa moja kuelekea kwa mfalme mweusi. Kisha askari mwingine akamfukuza farasi wa Larsen hadi h5, pembeni kabisa.

Farasi huyo ndiye aliyekuwa ameziba njia. Hatua ya 22, Fischer akamla kwa ngome, akijua wazi ngome itapotea.

Kwa hesabu ya kawaida ni hasara, maana ngome ina thamani kuliko farasi. Ila farasi huyo alikuwa mlinzi, na askari wa Larsen aliyelipiza kwa kuila ngome aliacha pengo mbele ya mfalme. Hatua iliyofuata, askari wa Fischer akapenya.

Hatua ya 29 alibadilisha askofu wake kwa ngome ya Larsen. Hatua ya 30 askari wake akabakisha mraba mmoja tu kuwa malkia. Hatua ya 31 malkia akampa mfalme mweusi shahi, na Larsen akasalimu amri.

Kilichofuata

Fischer alimaliza nafasi ya 5, sawa na mwenzake mmoja, akafuzu. Pia akawa Grandmaster mdogo kuliko wote hadi wakati huo, rekodi iliyodumu mpaka 1991 ilipovunjwa na Judit Polgár wa Hungaria. Mwaka 1972 alitwaa ubingwa wa dunia.

Na Joka? Bado linachezwa hadi leo, ila kila anayelichagua anajua njia ile ya pembeni ikifunguka, mfalme wake yuko hatarini.