Mubangi Ulipofika Bila Mpishi

Anayepalilia mahindi katika nyanda za juu za Kenya huutambua mubangi kwa pua kabla ya macho. Ukiung'oa, harufu yake kali hukaa viganjani hata baada ya kunawa. Peru mmea huohuo, Tagetes minuta, hupandwa kwa makusudi. Huko ni huacatay, na huuzwa sokoni kwa mafungu kama dania. Watu wa Arequipa, kusini mwa nchi hiyo, husaga majani yake pamoja na pilipili, karanga na jibini, likapatikana rojo zito la kumwagia viazi vya kuchemsha: ndiyo ocopa. Katika pachamanca, nyama na viazi hufukiwa ardhini pamoja na mawe ya moto, na majani haya huwa miongoni mwa viungo vyake.

Afrika Kusini ilipata mbegu, haikupata mapishi. Husimuliwa kwamba ziliingia na malisho ya farasi wa jeshi la Uingereza, yaliyoagizwa kutoka Amerika Kusini wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu vya 1899 hadi 1902. Makaburu wakauita khakibos, kichaka cha wavaa kaki. Jeshi lile lilikuwa limechoma mashamba yao. Nani angetia chunguni jani lenye jina la aliyemchomea nyumba?

Nchini Kenya, uadui na mubangi ni wa jembe. Mmea huweza kupita kimo cha mtu, mbegu zake hunata kwenye nguo na manyoya ya mifugo, na ng'ombe akiula, maziwa hunuka. Hata hivyo wakulima waliugeuza mlinzi, wakautandika katika mabanda ya kuku kufukuza viroboto na utitiri. Ujuzi huo unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa, kwa sababu harufu ile ni silaha ya mmea wenyewe, na mizizi yake hutoa kemikali za thiofeni zinazoua minyoo ya udongoni. Mkulima ameitumia silaha kama silaha. Mpishi wa Peru, kwenye milima ya Andes, ameilainisha ikawa ladha, na ustadi huo haukusafiri na mbegu.

Nasikitika zaidi ninapofikiria mashamba ya viazi ya Kinangop, Kenya. Viazi pia asili yake ni Andes, nasi tukavikaribisha hadi irio haipikiki bila kiazi. Mubangi unaota pembeni mwa tuta lilelile, na palizi ikifika, unang'olewa na kutupwa.