Mimi, Toutou na Kasi ya Karatasi

Wapenzi wa magari wana ubishi mmoja ambao haujawahi kupata mwamuzi: kati ya magari madogo ya kasi, lipi kali? Mmoja atakuletea Volkswagen Golf GTI, mwingine Peugeot 205 GTI, na wa tatu, aliyekulia Tanzania ya magari yaliyotumika kutoka Japani, atatetea Toyota RunX ile yenye injini ya cc 1,800 na nguvu farasi 190. Kila mmoja ana namba zake. Sekunde ngapi kutoka 0 hadi 100? Uzito wa gari kilo ngapi? Mwenye namba kubwa anajiona ameshinda, na wote wanarudi nyumbani kwa daladala.

Wazo lililozaa magari hayo ni rahisi. Mwaka 1976 Volkswagen waliingiza sokoni gari la kawaida la familia, fupi, lenye mlango wa tano nyuma, wakiwa wamelitia injini ya lita 1.6 yenye nguvu farasi 110. Gari lenyewe lilizidi kilo 800 kidogo tu. Walipanga kutengeneza 5,000. Toleo hilo la kwanza likauzwa zaidi ya laki nne. Mwili mdogo, moyo mkubwa: hiyo ndiyo fomula. Dunia ya magari inaihesabu kuwa ya miaka ya 1970.

Ziwa Tanganyika liliiona fomula hiyo miaka 60 kabla, nayo ilikuwa na mzinga mbele.

*

Mwanzoni mwa 1915 Wajerumani ndio walioshika ziwa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914 baada ya kilomita zipatazo 1,250. Juu ya reli hiyo ikaja meli nzima ikiwa vipande vipande: Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikafungashwa kwenye makasha kama 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Ilikuwa na urefu wa mita 70 hivi. Pamoja nayo kulikuwa na meli ndogo mbili, Hedwig von Wissmann na Kingani. Aliyeshika ziwa hili, lenye urefu unaokaribia kilomita 670, aliweza kuhamisha askari kutoka mwisho mmoja hadi mwingine wakati adui bado anafunga mizigo.

Waingereza walijibu kwa boti mbili za mbao. Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 12, injini mbili za petroli, na kasi ya noti 19, yaani kama kilomita 35 kwa saa. Kwa chombo cha majini cha wakati ule, hiyo ilikuwa kasi ya kujivunia. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa kwa Kiingereza. Wakubwa wake wakakataa. Akazipa majina ya Kifaransa cha kitoto, sauti ya paka na ya mbwa: Mimi na Toutou. Sidhani kama alijua kwamba katika lugha ya mwambao aliokuwa akiuendea, moja ya boti zake ingekuwa inajitambulisha kwa kila anayelisoma jina lake.

Majaribio yalifanyika mto Thames, London. Kasi ilitimia. Lakini mzinga ulipofyatuliwa, mzinga wenyewe na mpigaji wake waliishia majini, kwa kuwa haukuwa umefungwa barabara. Tangu siku ya kwanza, basi, boti hizi zilikuwa na tatizo ambalo kila fundi wa gari lililoongezewa nguvu analijua: ukiongeza nguvu, lazima kiwiliwili kiweze kuibeba.

*

Sasa chukua namba ile, kilomita 35 kwa saa, uiweke kando ya safari yenyewe.

Boti ziliondoka Uingereza Juni 15, 1915, zikiwa mzigo juu ya meli ya abiria kwenda Cape Town. Kutoka hapo zikapanda treni kuelekea kaskazini, zikapita Bulawayo na Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, hadi Fungurume, reli ilipoishia. Mbele yao kulikuwa na milima ya Mitumba na kilomita kama 235 za msitu na korongo. Njia ilifyekwa. Madaraja ya magogo yalijengwa, zaidi ya 100. Boti zilivutwa na matrekta ya mvuke, yakishindwa zikavutwa na ng'ombe, ng'ombe wakishindwa zikavutwa na watu kwa kamba. Ulikuwa msimu wa kiangazi na matrekta yalihitaji maji, kwa hiyo wanawake wa vijiji vya jirani walibeba maji kichwani ili mashine ya Mzungu isife kiu.

Kipande hicho kilichukua wiki sita hivi. Piga hesabu: kilomita zisizofika 6 kwa siku. Boti zenye kasi kuliko chombo chochote cha adui ziwani zilivuka Katanga kwa mwendo ambao mpagazi wa karne ya 19 angeucheka. Msafara wa kawaida wa biashara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ulitembea zaidi ya hapo kwa siku, tena watu wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Hata Burton na Speke, waliochukua zaidi ya miezi saba kutoka pwani hadi kufika Ujiji Februari 1858, wakiugua njia nzima, siku walizotembea walitembea kwa kasi kubwa zaidi.

Baada ya milima kulikuwa na reli fupi, mto Lualaba, na reli nyingine hadi ufukwe wa Kongo, mahali panapoitwa leo Kalemie. Mimi na Toutou ziligusa maji ya Tanganyika katika siku za mwisho kabla ya Krismasi ya 1915. Miezi sita ilikuwa imepita tangu ziondoke Uingereza.

Vitabu vingi vya Kiingereza vinakisimulia kisa hiki kama kichekesho cha kishujaa, na kamanda aliyependa kujisifu anafaa sana kwa kazi hiyo. Wavutaji wa kamba hawana majina ndani ya vitabu hivyo. Vita ile ilikula makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki, na jeshi lao, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu kama jina la soko: Kariakoo. Tunalitaja kila siku tukienda kununua viatu.

*

Desemba 26, Kingani ilitokea mbele ya Kalemie. Ilikuwa na mwendo mdogo, na mzinga wake ulitazama mbele tu. Mimi na Toutou zikaizunguka na kuiendea kutoka upande ambao mzinga huo haukufika. Mapigano yalikwisha ndani ya dakika chache. Hapa noti 19 zilitimiza ahadi yake: boti ndogo ilichagua pa kusimama, na kubwa haikuweza kugeuka kwa wakati. Kingani ikatekwa, ikapewa jina la Fifi na mzinga mkubwa zaidi.

Februari 9, 1916 ikawa zamu ya Hedwig von Wissmann, na somo lilikuwa tofauti. Safari hii Toutou haikuwamo. Fifi ilikuwa na mzinga wa kuizamisha Hedwig lakini haikuwa na mwendo wa kuifikia. Mimi ilikuwa na mwendo wa kuifikia lakini mzinga wake ulikuwa mdogo mno kuizamisha. Hedwig ikakimbia. Mimi ikatangulia, ikawa inaipiga kwa nyuma kama mbwa anayeng'ata kisigino, na kila mara Hedwig ilipogeuka kujibu ilipoteza mwendo. Fifi ikasogea, ikasogea tena, mpaka ikaipata. Aliyeleta ushindi siku ile ni mwenye kasi aliyejua kumchelewesha mwenzake. Kwenye karatasi ya vipimo hakuna safu ya kuandika jambo hilo.

Kisha ikaonekana Götzen yenyewe, meli kubwa. Spicer-Simson aliitazama, akakataa kuishambulia. Wengi wamemwita mwoga kwa sababu hiyo. Mimi naona kwamba kwa mara moja alisoma namba kwa usahihi: boti ya mbao iliyojaa petroli haina biashara na meli ya chuma yenye ukubwa ule.

Götzen haikuzamishwa na adui. Julai 26, 1916, majeshi ya Wabelgiji yakiikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi walewale walioiunganisha walizipaka mashine zake mafuta mazito kwanza, kama mtu anayeweka akiba. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mashine zikakutwa hai. Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa.

*

Ukitaka ushahidi kutoka upande wa magari, upo. Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, iliyapima magari mahali ambapo karatasi za kiwandani hazikufika. Peugeot 205 Turbo 16, gari fupi lililotisha Ulaya katikati ya miaka ya 1980, halikuwahi kushinda Safari. Toyota Celica, zito zaidi na zenye sifa ndogo zaidi Ulaya, zilishinda 1984, 1985 na 1986. Mwaka 1993 Subaru walileta Vivio, kigari cha cc 660. Colin McRae, mmoja wa madereva wenye kasi kuliko wote duniani, hakumaliza na kigari hicho. Patrick Njiru wa Kenya, akiendesha Vivio ileile, alimaliza wa 12. Injini zilikuwa sawa. Njiru alilijua lile vumbi.

*

Ufukweni Kigoma mashindano haya hayajaisha, yamebadilisha vyombo tu. Kuna michomoko, magari madogo ya abiria yanayochomoka kati ya miji bila ratiba. Jina lenyewe ni sifa ya mwendo. Kuna boti za mbao zenye mashine nyuma, zinazofika vijiji visivyo na barabara. Tunazipanda kwa sababu zinawahi, na tunazilaumu kwa sababu zinawahi. Dereva anayebeba watu wawili zaidi ya viti vyake anatumia fomula ya GTI akiwa ameigeuza: mwili ameuongezea mzigo, moyo ni uleule. Breki zake hazijaambiwa.

Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walikuwa wamekwama Kagunga, ufukwe mwembamba kati ya mlima na maji, na kipindupindu kikaingia. Barabara ya gari haikuwapo. Liemba, ikiwa na umri wa miaka 100, ilitumwa kuwachukua kuwaleta Kigoma, mamia kwa kila safari. Gati nalo halikuwapo, kwa hiyo meli ilitia nanga mbali kidogo, na boti ndogo zikawa zinawapeleka watu kutoka mchangani hadi ubavuni mwake. Boti zile peke yake zingechukua wachache mno. Meli ile peke yake isingeweza kugusa ufukwe.

Yule mama aliyepandishwa na mtoto anayeharisha hakuuliza noti ngapi. Kipimo chake kilikuwa kimoja: je, tutafika kabla hajaishiwa maji mwilini? Nikisikia tena ubishi wa sekunde kutoka 0 hadi 100, nitauliza maswali matatu ambayo ziwa hili limekuwa likiyauliza tangu 1915. Kwenye njia ipi? Kimebeba nini? Na nani aliyevuta kamba?