Kutoka Fito hadi Kebo: Historia ya Ukarabati wa Mfumo wa Kubadilishia Gia katika Gereji za Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza badiliko dogo la kiufundi lililokuwa na matokeo makubwa: kuondoka kwa fito za chuma zilizounganisha mkono wa gia na giaboksi, na nafasi yake kuchukuliwa na kebo. Hoja kuu ni kwamba badiliko hilo lilihamisha sehemu ya ukarabati kutoka mikononi mwa fundi hadi katika duka la spea, na kwamba sera zinazopima umri wa gari peke yake haziugusi utegemezi huo.

1. Utangulizi

Historia ya magari katika kanda hii imeandikwa zaidi kwa kutazama barabara, uagizaji na usafiri wa abiria. Ukarabati umepewa nafasi finyu, ingawa Joshua Grace, katika African Motors (2021), ameonesha kwa mfano wa Tanzania kwamba gereji ni mahali pa ubunifu wa teknolojia. Makala haya yanaifuata njia hiyo kwa kukitazama kifaa kimoja. Mwenye gari la gia za mkono huijua kebo ya gia siku inapokatika: mkono wa gia hulegea, gari hubaki katika gia moja au hukataa gia zote, ilhali injini na klachi ni nzima. Fundi asiyeutofautisha ubovu huo na ubovu wa giaboksi huishusha giaboksi bure, na gharama humwangukia mteja.

2. Asili ya kebo

Waya unaopita ndani ya ala haukuanzia kwenye giaboksi. Ernest Monnington Bowden aliupatia hataza Uingereza mwaka 1896, na ukaenea katika breki za baiskeli. Waya wa namna hiyo huvuta tu. Springi ndiyo huurudisha. Kebo ya gia hubeba kazi mbili, kuvuta na kusukuma, hivyo kiini chake sharti kiwe kigumu zaidi.

Kwa miongo mingi magari hayakuihitaji. Katika Land Rover za mwanzo mkono wa gia ulisimama juu ya giaboksi yenyewe. Volkswagen Beetle ilitumia ufito mmoja uliopita katikati ya sakafu hadi nyuma, na Peugeot 404 ilikuwa na mkono kwenye nguzo ya usukani uliounganishwa kwa fito. Mambo yalibadilika injini ilipolazwa kimkingamo, kama katika Mini ya mwaka 1959 na Fiat 128 ya mwaka 1969. Njia kutoka kwa dereva hadi kwenye giaboksi ikawa na kona nyingi.

Hata hivyo, kebo haikushinda mara moja. Austin Maxi iliingia sokoni mwaka 1969 ikitumia kebo. Madereva walilalamikia gia zisizoeleweka, na mwaka uliofuata mtengenezaji akarejea kwenye fito. Kebo ilikubalika kwa upana baadaye, ubora wake ulipoimarika. Katika Toyota HiAce ya kizazi kilichoanza mwaka 2004, mkono wa gia umewekwa kwenye dashibodi na kuunganishwa na giaboksi kwa kebo. Basi hilo dogo ndilo linalobeba abiria wengi katika miji ya kanda yetu.

3. Gereji kabla ya kebo

Ufundi wa kanda ulikomaa wakati wa uhaba. Nchini Uganda, kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 kulivuruga biashara ya spea, na bidhaa nyingi zikapatikana kwa magendo. Nchini Tanzania, upungufu wa fedha za kigeni ulibana uagizaji hadi masharti yalipoanza kulegezwa mwaka 1984. Nchini Kenya, ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 iliwataka watunga sera waitambue sekta isiyo rasmi kuwa chanzo halisi cha ajira.

Katika mazingira hayo ufito ulikuwa rafiki wa fundi. Uliopinda hunyooshwa, uliovunjika huchomelewa, na bushi iliyolika huchongwa upya. Maarifa yalitosha kuziba pengo la spea.

4. Kebo inapokatika

Magari mengi ya kebo yana kebo mbili: moja huchagua njia ya gia, kushoto au kulia, nyingine huingiza gia, mbele au nyuma. Mara nyingi kinachoharibika kwanza ni bushi ya plastiki mwishoni mwa kebo. Sababu nyingine ni kutu inayoingia pale mpira wa kinga unapochanika, au joto la ekzosi kebo inapopitishwa vibaya.

Uchunguzi wa awali ni mwepesi. Gari likiwa limezimwa na magurudumu yamewekewa vizuizi, mtu mmoja husogeza mkono wa gia huku mwingine akitazama ncha za kebo kwenye giaboksi. Mkono ukienda na ncha ikabaki, kosa liko kwenye kebo au bushi. Iwapo ncha inakwenda kama kawaida na gia bado haiingii, ndipo klachi na giaboksi huchunguzwa.

Bushi iliyolika inaweza kubadilishwa peke yake. Kebo iliyokatika ni jambo jingine. Kuiunga kwa waya wa breki ya baiskeli hakufai, kwa kuwa waya huo hausukumi. Na kuichomelea hudhoofisha kiini na kuunguza ala. Dawa ni kebo mpya, ipitishwe njia ileile bila kona kali, kisha irekebishwe gia ikiwa huru. Hapo ndipo fundi, hata awe hodari kiasi gani, hulazimika kwenda dukani.

5. Maana kwa sera

Kenya huzuia magari yaliyotumika yanayozidi miaka 8, na Uganda, tangu mwaka 2018, yanayozidi miaka 15. Vigezo hivyo hupima gari siku linapoingia, wala havielezi litatunzwaje baadaye. Aidha, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha upande wa kulia, hivyo kebo ya gari la usukani wa kulia huenda isilingane kwa urefu au njia na ya gari la usukani wa kushoto. Mnunuzi wa spea za mtumba Kisekka au Gerezani huweza kununua kitu kisichofaa.

6. Hitimisho na mapendekezo

Historia ya kebo inaonesha kwamba uhodari wa kuunda spea unapopungukiwa na nafasi, uhodari wa kutambua kosa huongezeka thamani. Inapendekezwa, kwanza, kwamba mipango ya urasimishaji ujuzi impime fundi kwa uwezo wake wa kutambua chanzo cha ubovu, si kwa kufungua na kufunga pekee. Pili, ubora wa spea ndogo, zikiwemo bushi na kebo, ukaguliwe kama ule wa matairi na breki. Tatu, uandaliwe mwongozo mmoja wa Kiswahili unaotumia istilahi ambazo mafundi wanazo tayari: kebo, bushi, klachi, giaboksi. Gari moja huvuka mipaka kadhaa katika maisha yake. Maarifa ya kulitengeneza nayo yawezeshwe kuvuka.